Kanga Kavu kwenye Rangi Mpya

Jumamosi, mwezi wa saba. Kitangari.

Leo baridi imekaa mpaka saa nne, na hewa yote inanuka salfa. Ni msimu wake. Tangu alfajiri mashine zinanguruma mashambani, watu wanapulizia mikorosho ule unga wa njano ili maua yasipate ukungu. Unga wenyewe hauchagui. Unatua kwenye mikorosho, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye uji usipofunikwa.

Unatua na kwenye gari la Mama.

Ni pikapu ya bluu iliyokolea, mpya kabisa. Nailoni za viti bado hazijatolewa na Mama hataki zitolewe. Ana wiki tatu nalo. Miaka yote amekuwa akinunua mbaazi na mihogo mikavu vijijini na kukodi gari la watu kupeleka Masasi. Hili alilifuata mwenyewe Dar es Salaam, akaliendesha mwenyewe mpaka huku, na vile vipande vya barabara ya vumbi akavipita kajifunga kilemba kama anakwenda kliniki. Siku nyingine namtazama anavyoingia uani kinyumenyume, mkono mmoja tu kwenye usukani, nasahau kuwaondoa kuku.

Mimi ni mtu wa kutazama. Kusema ndiko kunakonishinda. Shuleni Kiingereza, nyumbani Kiswahili, na aibu ninayo kwa zote mbili.

Sasa niungame.

Jumanne iliyopita nilikuta boneti imekuwa ya njano. Mama alikuwa amelala, kachoka na safari. Nikataka akiamka alikute gari linang'aa. Bomba lilikuwa na siku ya nne halijatoa maji, na kwetu mtu haoshi gari kwa maji ya kupikia. Nikachukua kanga kavu. Nilifuta kwa nguvu, kwa mapenzi kabisa, mduara juu ya mduara.

Jua lilipopanda ndipo nikaona. Boneti nzima imejaa alama nyembamba za mviringo, kama utando wa buibui. Kumbe salfa ilikuwa imechanganyika na mchanga, na mimi nimeusaga juu ya rangi mpya.

Sikusema.

Siku zote hizi nimekuwa nikitandika mkeka juu ya boneti, eti jua lisiunguze rangi. Mama akanisifu kwa hilo. Hapo ndipo palipouma zaidi.

Leo asubuhi akasema, "Somoe, vaa twende Masasi. Hii salfa itakula gari, tukatafute dawa ya kulinda rangi. Kiingereza unasoma wewe, utachagua wewe."

Njia nzima ya kuteremka mlima wetu niliushika ule mkeka mapajani, na tulipoegesha tu nikautandika tena juu ya boneti.

Duka la vipuri tuliloingia ni la Mzee Issa, fundi rangi wa zamani. Rafu moja nzima ni makopo ya kung'arisha gari. Mama akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Enzi zetu dukani unakuta sabuni ya mche, na hiyo ya mgao, mpaka uitwe jina," akasema. "Haya, nisomee."

Nikasoma, yeye akisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Kopo jekundu lilikuwa polishi laini, ya kurudisha mng'ao. La bluu lilikuwa nta, inayokaa juu ya rangi ili vumbi na majimaji ya mabibo yasishike. La tatu, dogo, la kijivu, lilisema linaondoa mikwaruzo yote.

Mikwaruzo yote. Nikalikumbatia.

"Tuchukue hili, Mama."

Mzee Issa akacheka. "Binti, hiyo ni dawa ya kukwangua. Ina chembechembe, inaondoa mkwaruzo kwa kula rangi. Hiyo ni ya magari yaliyochoka. Mtoto hajafika arobaini, unataka kumnyoa?"

Mama akachukua la bluu. "Basi hili."

"Hilo sawa. Ila rangi iwe haina alama. Ukipaka nta juu ya mikwaruzo, unaifungia humo humo."

"Halina alama. Ni jipya," Mama akasema, akafungua pochi.

Nilikuwa na maneno katika lugha mbili na yote yalikwama. Ningenyamaza, nta ingefunika kosa langu, na yeye angeendelea kusema mbele za watu kwamba gari lake halina alama.

"Lina alama, Mama. Ni mimi."

Akafunga pochi, akatoka nje. Tukamfuata. Nikatoa mkeka. Jua la Masasi halina siri, kila kitu kilionekana.

"Ulifutia nini?"

"Kanga."

"Kavu?"

"Kavu. Maji yalikuwa ya kupikia."

Akanishika kiganja, akanipeleka mpaka mlango wa dereva. "Inama hapa. Unaona nini?"

Miduara. Mikubwa kuliko yangu.

"Hapo sikufuta mimi, Mama."

"Najua. Nilifuta mimi, kwa kitenge, siku ya pili tu baada ya kufika. Niliyaonea huruma maji, kisha nikaona aibu kusema."

Mzee Issa akashika kiuno. "Ninyi watu wa juu, maji mnayaogopa kuliko polisi."

"Njoo ukae kwetu mwezi mmoja," Mama akamjibu, "tukuone ukioga."

Mzee Issa akatufundisha. Kopo la kijivu libaki dukani. Gari lioshwe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa, ndipo ipite polishi laini kwa mkono mwepesi. Nta iwe ya mwisho.

Tuliporudi Mama akachota ndoo mbili kwenye kisima chetu cha maji ya mvua, yale yale ya kupikia. Jirani yetu, Mama Asha, akachungulia juu ya ua.

"Mama Somoe, mnaogesha gari?"

"Linaogeshwa, mwenzangu. Arobaini yake."

Tulifanya kazi bega kwa bega. Nta ikikauka inakuwa nyeupe, ukiipangusa unaona uso wako. Niliuona wa Mama kwanza. Sijawahi kumwambia mtu hili, lakini nataka mikono yangu ije kuwa kama yake. Yale maji machafu tukayanyunyiza uani kulaza vumbi.

Alama hazikuisha zote. Ukiinama, jua likiwa juu, utaziona: ndogo zangu kwenye boneti, kubwa za Mama mlangoni.

Kesho mashine zitaanza kabla ya jua. Nitaamka kabla ya hizo mashine, nichukue nusu ndoo ya kuoshea gari, na nikiulizwa maji yamekwenda wapi, nitasema.