Bushi ya Unga wa Shaba

Matondoni, 4 Juni 2023

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, nawatangazia wanaohusika na wasiohusika kwamba mkono wa kushoto wa miwani yangu umefariki leo baada ya swala ya alasiri, ukiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Marehemu ameacha vioo viwili na pua moja. Nimemzika kwenye kopo la misumari, na mahali pake nimefunga uzi wa nyavu.

Assalaam alaykum, mwanangu Amini. Hali zetu njema, twamshukuru Mola. Goti la mamako limetulia. Masikio yangu ni yale yale, nyundo ishayala, na ndiyo maana nakuandikia. Ulipopiga simu Ijumaa niliitika "naam" mara saba, na mamako asema ulikuwa ukiniuliza naumwa wapi.

Juzi kwa wachonga majahazi Bwana Abubakr kaniuliza, "Hamdun, kijana wako hufanya kazi gani huko Nairobi?" Nikamwambia hukanda unga. "Ni mwoka mikate?" La, unga wa chuma. Kacheka hata akaketi chini. "Yaani baba apiga chuma, mwana apepeta chuma!" Na mimi nilicheka. Ndiani nikirudi sikucheka. Vizazi vinne sisi twafua misumari ya vyombo vya watu. Wewe siku ukiondoka, mwanao ataonyeshwa nini? Vumbi?

Ndugu yako Zaki bado apeleka saruji Kiwayu kwa boti yake. Asema pampu ya maji ya injini yapiga kelele. Mimi siisikii, namwamini tu. Bushi ya ndani, ile pete inayoshika mhimili wa pampu, nilimchongea mwenyewe mwaka juzi, sasa imelegea. Basi kama kazi yako ni kazi, tuletee bushi.

Babako,
Hamdun


Nairobi, 15 Juni 2023

Assalaam alaykum baba. Natumai wewe na mama mu wazima. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Poleni kwa msiba wa miwani.

Zaki kanipa vipimo kwa simu, na bushi imo ndani ya kopo hili la majani chai. Nimempa kondakta wa basi la Mokowe. Nimeitengeneza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, baada ya zamu, kwa ruhusa ya msimamizi wetu Bi Nasreen.

Acha nikueleze, umweleze na Bwana Abubakr. Twachukua unga wa shaba na unga wa bati, twauchanganya, twaumimina kwenye kalibu, kisha mashine yaukandamiza kwa uzito wa tani arubaini. Arubaini, baba! Kinachotoka kina umbo la bushi, lakini ukikibana vidoleni chavunjika kama kileja. Ndipo chaingia tanuri. Hakiyeyuki. Chembe hushikana tu, kila moja na jirani yake, na katikati hubaki vitundu ambavyo jicho halivioni. Ukikosea joto kidogo, umetengeneza takataka. Miaka sita nimejifunza joto hilo.

Bushi iko tayari. Zaki aifunge tu.

Sijawahi kukuomba neno, baba. Leo naomba. Uishike, halafu uniambie.

Mwanao,
Amini


Matondoni, 2 Julai 2023

Assalaam alaykum mwanangu. Idi ilikuwa ya kheri, mamako atoa salamu, na mbuzi kama angeweza angetoa malalamiko.

Nimeishika. Nimeigonga kwa kucha, nimeitazama juani, nimeipima kwa uzi. Umeniomba neno, nakupa: hii ni kazi. Bwana Abubakr kaitia kidoleni kama pete akakataa kuivua, ikabidi atukanwe.

Lakini watu wa kiwanda chenu ni wachafu. Kitu kizuri vile, kimejaa mafuta! Nikaiosha kwa petroli, nikaisugua kwa jivu, na bado yateleza. Nikaiweka kando ya makaa. Bushi ikatoa jasho, Amini, kama mwenye homa. Napangusa, yatoka tena. Mara tano! Nikashika uzi ule ule mpaka ikakauka kabisa. Kila chuma kipya kikiingia karakana hii huoshwa. Babangu alinifunza kwamba mafuta ya dukani huficha ufa. Yako haina ufa hata mmoja. Nilitazama kwa kujivuna.

Zaki kaja leo kututazama, bado ana kanzu yake ya Idi. Kaitia mfukoni, asema ataifunga kabla ya safari ya Alhamisi, kutoka Mtangawanda kwenda Kiwayu.

Babako,
Hamdun


Nairobi, 7 Julai 2023

Baba, barua yako nimeipata leo saa nne. Salamu nitatoa baadaye.

Hayo mafuta si uchafu. Ndiyo bushi yenyewe. Vile vitundu nilivyokuandikia hunyweshwa mafuta kiwandani, ili ikizunguka ijipake yenyewe. Lile jasho ulilopangusa ndilo uhai wake. Ikifungwa kavu itashika moto, itang'ang'ania, pampu itakwama na injini itazima.

Zaki simpati. Nimepiga tangu saa nne. Mama asema katoka jana. Sikumwambia kwa nini nauliza.

Akirudi, iondoeni. Najua barua hii itafika baada yake. Naandika kwa sababu mikono haina la kufanya.

Amini


Matondoni, 17 Julai 2023

Assalaam alaykum mwanangu.

Kwa simu mamako alikwambia kwa uchache, maana alikuwa akilia. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mvuvi mmoja alimwona Zaki siku ile ya Alhamisi kwa mbali. Injini imezima, na yeye kaiinamia. Mvuvi alidhani atengeneza, akapita. Mkondo ukamtia mwambani na magunia arubaini ya saruji. Walimpata Jumamosi asubuhi, wakamzika huko huko Kiwayu kabla ya adhuhuri. Mimi nilifika, nikatia mchanga. Najua hukuwahi. Usijilaumu kwa hilo.

Barua yako ilifika Jumatano, hitima imekwisha, watu wakunja mikeka. Mamako kaniuliza, "Amini asemaje?" Nikamwambia, "Atusalimu." Ndiyo mara ya kwanza kumdanganya kwa miaka thelathini na minane, tukiacha habari za sigara.

Wewe uliitengeneza nzuri. Mimi niliikausha. Nilikaa pale kando ya makaa na kitambaa, nampangusa mwanangu uhai, na nikajisifu.

Nimezima moto. Fuawe nimeifunika gunia. Nyundo nimempa Bwana Abubakr, kaniuliza kwa nini nikajifanya sikusikia. Uziwi una faida zake.

Barua hii ichome.

Hamdun


Nairobi, 3 Septemba 2023

Assalaam alaykum baba. Mama aniambia kwa simu kwamba huli. Nami sijui nikuulize nini kuhusu afya.

Nimekawia kwa sababu barua ya kwanza niliiandika kwa hasira. Nilikuuliza nani alikutuma kuosha kitu cha watu. Nikaichana. Ya pili pia.

Si wewe. Nimeisoma tena barua yangu ya Juni, niliweka nakala kwa sababu nilidhani nimeandika vizuri. Tani arubaini nimezitaja mara mbili. Vitundu nimevitaja, kilichomo ndani ya vitundu sikukitaja. Nilikuwa nikitafuta sifa kwako. Neno "usioshe" lingechukua nusu ya mstari.

Baada ya Zaki kila bushi ikitoka tanuri nilikuwa naiweka sikioni, kana kwamba itanionya. Wenzangu walidhani natania. Mwezi uliopita Bi Nasreen kaniita, akasema wamenichagua niwe mkuu wa tanuri. Nilingoja cheo hicho miaka sita. Nikamwambia naacha kazi. Kasema, "Amini, fikiria hata wiki." Nikarudisha ovaroli siku ile ile. Nafasi kapewa mwingine, kijana mzuri, asiyejua joto.

Sasa nalinda bohari la mchele. Unga siutaki kuuona, hata wa ugali.

Nyumbani siwezi kuja. Mama nitamtazama vipi, nami najua na yeye hajui?

Mwanao,
Amini


Matondoni, 14 Septemba 2023

Assalaam alaykum mwanangu Amini. Keti kwanza.

Watu wa Kiwayu waliivuta ile boti mwambani wakati wa bamvua la mwisho wa Agosti, maji yalipojaa sana, na Jumanne hii wakatuletea injini. Sikutaka mtu mwingine aifungue. Nikamwomba Bwana Abubakr nyundo yangu, akanirudishia, imetiwa mpini mpya.

Nilifungua pampu mbele ya mamako. Kabla sijaondoa skrubu ya mwisho nilimwambia yote, yako na yangu, maana nilitaka asikie kwangu kabla hajaona.

Bushi iliyokuwamo ni ile ya zamani. Niliyochonga mimi, ina alama yangu ya tupa. Nilipoondoa chumvi ikazunguka kwa kidole. Imelegea, yapiga kelele, lakini yazunguka.

Mamako kainuka, kaenda kabatini. Kanzu ya Zaki ya Idi hajaifua, usiku ailalia. Karudi na bushi yako mkononi, kaitoa mfukoni mwa kanzu, kavu, safi, haina mkwaruzo. Zaki hakuwahi kuifunga. Kaniwekea gotini akasema kwa sauti ya kunifikia, "Miezi miwili mwanidanganya, na kitu chenyewe hiki hapa."

Tena alilia, na mimi.

Nilidhani nitaona nafuu. Sijaiona. Kazi yako imekwenda, na Zaki hakurudi. Jana nilivuka kwenda Mtangawanda kuuliza basi injini ilizimwa na nini, nikarudi. Natia sahihi hapa, kwa sababu baada ya maneno yanayofuata sitakuwa na hamu ya kutia.

Babako,
Hamdun

Jerikeni la Zaki la lita ishirini, lile la buluu lenye herufi Z niliyoipaka mimi, liko gatini Mtangawanda tangu Alhamisi ile, chini ya benchi alipolisahau akipakia saruji. Limejaa dizeli.