Protini Arobaini za Eufrazia

Deme, nakuandikia nikiwa hapa hapa maabara. Eufrazia wetu wa Bunju kakosea kwenye ile kanzidata yetu ya namna seli zinavyokufa.

Protini arobaini zinazozuia seli isife, yeye kaandika zinaiua. Kinyume kabisa! Arobaini, Deme!

Kagundua mchana huu, kakaa sakafuni analia. Dokta Gozbert, mkuu wetu, kamuuliza, "Nani keshazitumia?"

"Maabara kumi na moja. Wanatafuta dawa ya saratani."

"Sahihisha kimyakimya. Wakijua, tumekwisha."

Eti kimyakimya!

Eufrazia kafuta machozi, kaziandikia maabara zote: "Kosa ni langu. Simamisheni majaribio." Katuma Dokta akimwangalia.

Sasa anakusanya vitu vyake mezani.

Deme, aliyezikagua zile protini kabla hazijawekwa ni mie. Na nimenyamaza.