Kabla Yangu, Wewe Kwanza

Kombewa, Seme
Tarehe 9 Machi

Kwako ndugu yangu mkubwa Gordon, pamoja na shemeji Agneta,

Nawasalimu sana katika jina la Yesu. Habari ya Kitale? Ule mguu wako umeacha kuvimba, ama bado unaenda kanisani na ndara? Huku mke wangu Milka na watoto hawajambo. Mvua imechelewa, na mashine yangu ya kusaga inalala mchana kwa sababu watu hawana mahindi. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili shemeji asome mwenyewe bila kukungoja umfasirie.

Ndugu, mwaka jana niliona uvimbe karibu na chuchu ya kushoto. Nilidhani ni magunia ninayobeba. Milka aliponiambia niende hospitali nilimcheka, nikasema mimi sinyonyeshi. Lakini chuchu ikaanza kuingia ndani na kutoa maji yenye damu, nikaacha kucheka, nikaenda. Walinitoa kipande wakakipima, kisha wakanituma Kisumu.

Kule niliketi kwenye benchi la akina mama watupu. Mmoja, Debra, muuza samaki wa omena kutoka Usenge, akaniuliza kama nimemleta mke ama nimekuja kuchagua wa pili. Tulicheka wote. Halafu muuguzi akaita Sydney Owiti, nikasimama, na benchi zima likageuka kunitazama. Nilipotoka kwa daktari nilikuta Debra ameniwekea chai. Akaniambia, Baba, kunywa, ugonjwa huu hauulizi mtu kama amewahi kunyonyesha.

Ndiyo, ni saratani ya titi. Titi lenyewe lilikatwa Januari. Waliokuja kunipa pole niliwaacha waamini lilikuwa jipu.

Daktari wetu, dada mmoja mpole wa Bungoma anayeitwa Naswa, anasema wanaume pia huipata, ila katika wagonjwa mia moja ni shida kumpata mwanaume mmoja. Nilimwuliza nitaishi mpaka lini. Akaingiza kwenye kompyuta umri wangu, ukubwa wa uvimbe na habari ya tezi za kwapani. Akasema kati ya watu kumi ambao ugonjwa wao umefika ulipofika wangu, kama sita huwa hai baada ya miaka mitano. Lakini akanisihi nisiishike hesabu hiyo kama kiapo, maana imetokana na wagonjwa wa nchi za mbali, karibu wote wanawake. Hesabu inajua kundi, akasema, wewe haikujui. Nikamjibu kwamba anayenijua yupo. Akacheka, akasema basi na dawa nimeze.

Jumapili iliyofuata tulikaa wazee wa kanisa, na tulikuwa kumi. Nikajikuta nawatazama mmoja mmoja, nikichagua wale wanne. Mzee Waswa, kwa sababu ya kile kikohozi chake, nilimchagua upesi. Aibu ikanishika nikainamisha kichwa. Wenzangu wakadhani naomba.

Sasa utaelewa kwa nini nilikupigia simu mwezi jana nikikuhimiza uje ufungue boma lako mwenyewe, nje ya lile la baba. Ulikasirika. Ulisema ndugu mdogo akimharakisha mkubwa wake, basi amekwisha kumchimbia kaburi. Kaburi nililoliona mimi ni langu. Bado naishi ndani ya boma la baba, na kwa desturi yetu siwezi kutoka kabla yako. Nikifia humu, mwanangu Oketch, ambaye sasa ana mke na mtoto na naye hatakiwi kutoka kabla yangu, atakwama humu pamoja na mama yake. Pasta amesema nihame tu, atakuja kuniombea. Namshukuru. Mizimu siiogopi, lakini kukuruka wewe ungali hai, moyo umekataa.

Shemeji Agneta, najua kwenu ni huko na sikuombi uhame. Nyumba ndogo ya mabati, lango, mlale siku chache kama inavyotakiwa, kisha mrudi. Mabati nitayatafuta mimi.

Milka anajua ugonjwa, ila ile hesabu hajaisikia. Oketch hajui lolote. Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa. Ile miaka mitano nimemwachia Mungu. Kwenu naomba mwaka huu tu, nikiwa bado na nguvu ya kushika shoka la kufungulia boma langu.

Wasalimieni watoto wote. Tafadhali, ndugu yangu, nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Sydney Owiti