Vitabu Vilivyofumuliwa

Jumanne, Juni 1974

Afadhali niliwahi kuvifumua. Tangu duka lililotuletea vitabu lifungwe, tumebaki na nakala kumi na mbili za kitabu cha kusoma, na mimi ndiye ninayezigawa shule nzima. Mwezi uliopita nikazikata, nikashona kila hadithi peke yake kwa uzi wa gunia. Nyepesi zikaenda darasa la pili, ngumu la nne.

Mwalimu mkuu alinigombeza. Eti nimeharibu mali ya serikali!

Leo asubuhi akaja mwanajeshi wa serikali mpya ofisini. "Mwalimu, kitabu yote iko na picha ya rais ya zamani, leta. Tunachoma."

Picha hiyo ilikuwa ukurasa wa kwanza wa kila nakala.

Mimi ni binti wa koplo, nimekulia kambi ya polisi. Sare haijawahi kunifunga mdomo. Nikafungua kabati, nikatoa zile kurasa za kwanza, kumi na mbili, ambazo sikuwa nimezishona popote.

"Vitabu vyenye picha havipo tena, afande. Zimebaki kurasa hizi."

Akazigeuzageuza. "Hii tu?"

"Hiyo tu, afande."

Akaondoka nazo. Na akigundua, akarudi kuuliza hadithi zilizobaki ziko wapi...

Na arudi. Atazisikia tangu getini. Nimewaambia darasa la pili kesho wasome kwa sauti.