Kidonge cha Kulalia

Machi 4
Mwanangu,
Habari za huko? Mzima wewe na mumeo? Mimi mzima, ila macho. Presha ya jicho imeshuka, matone naweka, lakini glakoma, huu ugonjwa wa macho, inazidi kunila uoni wa pembeni. Hata daktari wa macho anashangaa. Juzi nilishona mkono wa gauni la bibi harusi kinyume. Mimi, fundi wa miaka thelathini! Nikipofuka nitakuwa nani? Naogopa.
Mama yako

Machi 15
Shikamoo mama,
Sisi wazima. Nimelia, halafu nikacheka: bibi harusi alisemaje? Niambie kweli, vidonge vya presha ya damu unakunywa saa ngapi?
Binti yako

Machi 27
Marahaba, askari wangu.
Bibi harusi hakujua, nilifumua usiku uleule. Vidonge niliambiwa kimoja asubuhi, kimoja jioni. Cha asubuhi kilinizungusha kichwa nikiwa kwenye cherehani, basi nikawa nameza vyote viwili nikipanda kitandani. Mwaka sasa. Daktari wa presha sijamwambia, naona aibu. Usinigombeze.
Mama

Aprili 6
Mama jamani!
Sikugombezi, ila nimeuma meno. Nimemuuliza nesi wa hapa. Anasema presha ya damu hushuka mtu akilala. Yako huenda inaporomoka kupita kiasi, na mshipa wa jicho unakosa damu. Usiviache wala usivihamishe mwenyewe tena. Nenda ukaseme yote. Aibu haina macho ya kukupa.
Binti yako

Mei 30
Mama, mbona kimya? Ulikwenda?
Binti yako

Oktoba 9
Mwanangu mpenzi,
U hali gani? Nisamehe, sikutaka kukuandikia bila jibu mkononi.

Nilikwenda Aprili ileile, nikasema yote. Walinifunga mkanda wa kupima presha mchana na usiku; kila nikisinzia unanibana mkono kama mjomba wako akisalimia. Kweli, saa nane usiku ilikuwa chini mno. Daktari hakunifokea. Cha jioni amekiondoa. Cha asubuhi amekipunguza, nameza nikishakula, napumzika kwanza ndipo nikalie cherehani.

Jana nimepimwa macho tena. Kilichopotea hakirudi, kasema wazi. Lakini tangu Aprili hakijapotea kingine, hata kidogo! Nililia palepale kwenye kiti.

Mwaka mzima nilikuwa nakataa kazi za tarehe za mbali, nikihofia hazitanikuta naona. Leo asubuhi kaja msichana na kitambaa cha harusi ya Juni ijayo. Nimempima mabega, nikamwambia aje Mei kulijaribu gauni.
Mama yako