Kicheko cha Mtani

Mama yangu,

Tangu tukuzike Igalula sijakusalimia vizuri, basi shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, mlango nimeufunga, kwa sababu nje kuna mtu ninayemwogopa.

Unakumbuka mtoto wa jirani alipofukuzwa shule kwa kukosa sare? Ulinishika mkono tukaenda kwa mwalimu mkuu, yule Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Hukumbembeleza. Ulimwambia, "Wewe Mzaramo, babu zetu walifika pwani na pembe za ndovu mabegani, babu zako kikapu tu kiliwashinda. Leo na wewe unashindwa na kitoto kimoja?" Akacheka mpaka akafuta machozi, na mtoto akaingia darasani. Njiani ukaniambia, "Mtani akishacheka, kazi imekwisha." Nilikuamini. Nadhani ndiyo maana nikaitafuta kazi hii, kwenye ofisi ya mji inayotetea wanafunzi na wazazi wao.

Sasa nina meza yangu, na meza yenyewe imenibana. Kwenye benchi la nje anakuja kila asubuhi mama mmoja wa Ipuli na binti yake. Binti alijifungua, mtoto ameshaacha kunyonya, anataka kurudi kidato cha tatu. Serikali ilisharuhusu. Mkuu wa shule hamtaki, na bosi wangu hataki kugombana naye. Nikimruka bosi, kazi sina, na wajukuu zako wanakula hapahapa. Nikinyamaza, namtetea nani? Nimenaswa, mama, sina neno jingine.

Bosi naye ni Mzaramo. Leo nikajipa moyo, nikaenda ofisini kwake nikamrushia maneno yako yote, pembe na kikapu. Alicheka, mama. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta uso, akasema taratibu, "Dada, tutataniana msibani. Humu ndani mimi si Mzaramo. Yule mama mwambie asubiri."

Nikarudi ofisini kwangu kwa mlango wa nyuma, nikakaa. Yule mama ni Mnyamwezi kama sisi, na kuta za hapa ni nyembamba. Kile kicheko amekisikia. Sasa hivi namsikia akimwambia binti yake, "Simama, funga kamba za viatu, mwanangu. Wamekupokea."

Mimi mwanao,
ambaye lazima nifungue mlango