Matembezi ya Saa Kumi

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Kisigino,

Salamu nyingi. Hujambo, na hiyo shingo uliyokuwa ukiilalamikia inaendeleaje? Sisi hapa wazima, ukinitoa mimi. Wifi yako anakusalimu na anasema umeadimika kuliko mvua.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu haina jalada, mdogo wangu. Mtu aliyezeekea masjala kama mimi haamini neno lisilo na karatasi.

Nimekwenda kwa daktari. Kichwa kilikuwa hakiniachi, na hasira zikawa karibu. Juzi nimemfokea wifi yako kwa sababu ya kijiko. Daktari akanipima, akapima tena. Nikajua mambo si mambo. Presha iko juu mno. Akaniuliza kazi yangu nikamweleza. Zamani jalada likitakiwa nilikuwa napanda ngazi, nahamisha mafaili, nashuka nalo, nalipeleka kwa mkuu kwa miguu yangu. Sasa yote yameingizwa kwenye kompyuta. Likitakiwa, nabonyeza. Nakaa asubuhi na kuinuka kazi ikiisha, na maneno ya watu waliokosa hati zao nayameza papo hapo kitini. Akaniambia, "Mzee, dawa nitakupa. Lakini usipotembea kila siku, hicho kiti ndicho kitakachokuangusha."

Basi nikajaribu. Aibu niliyoipata, acha tu. Mtu mzima, shati la kazini, natembea na sina niendako. Kila ninayekutana naye ananiuliza naelekea wapi. Ukimjibu kwamba unatembea tu, anakutazama kana kwamba umefukuzwa nyumbani. Nikaanza kujifanya nakwenda dukani kununua kiberiti. Hivi sasa tuna viberiti vya kutosha kufungua duka letu wenyewe. Nilimwomba wifi yako tutoke wote. Akaniambia yeye amesimama jikoni kwa watu tangu alfajiri, miguu yake imevimba, safari ya bure haiwezi. Siwezi kumlaumu.

Na mimi kutembea peke yangu siwezi, hilo unalijua. Hata shule nilikuwa nafika kwa sababu wewe uko nyuma yangu unanikanyaga visigino. Jina lako hukulipata bure.

Kwa hiyo nina ombi. Saa kumi jioni mimi nimeshatoka kazini, na wewe huko ni wakati wenu wa chai. Mimi niinuke huku, wewe inuka huko, tutembee pamoja japo hatuonani. Nikijua uko njiani, nitakwenda. Nikijua hauko, najijua mwenyewe, nitakaa. Nijibu upesi, nimeogopa.

Kaka yako.


Tarehe 24 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta na nafuu. Mimi mzima, ila wa kupepesuka. Msalimie wifi, mwambie miguu aiweke juu ya mto akilala.

Barua yako ilinichekesha kwa viberiti, kisha nikafika chini nikaacha kucheka. Usiniogopeshe hivyo. Nikubali nisikubali, nina kaka mwingine?

Na mimi mwenzio kiti kinanimaliza. Unajua kazi ya madai ya bima ilivyo. Aliyegonga gari ananipigia, aliyeunguliwa na duka ananipigia, mjane ananipigia, na wote wananililia au wananitukana, na mimi nasema "ninakuelewa" huku ninaandika. Mkuu wetu tumembandika jina la Mama Bado, kwa sababu hapiti mezani kwako bila kuuliza, "Bado?" Ikifika jioni mabega yangu yamepanda mpaka masikioni.

Basi Jumatatu, saa kumi, niliinuka. Wenzangu wakanitazama. Nikashuka kwa ngazi, na mlinzi alivyozoea kuniona kwenye lifti akaniuliza kama kuna moto huko juu. Nikazunguka jengo: nikapita wanapoosha magari, nikapita kwa fundi viatu, nikatokea nyuma kwenye ule ukuta mfupi wanapokaa madereva. Pale nikashusha pumzi, kaka, na machozi yakanitoka. Hakuna aliyeniudhi. Nadhani yalikuwa yamekaa foleni siku nyingi. Nikalia kidogo, nikajifuta, nikamaliza mzunguko.

Niliporudi Mama Bado yuko mezani kwangu, anataka kujua nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa na kaka yangu.

Kwa hiyo tumekubaliana. Saa kumi niko njiani. Ahadi.

Mdogo wako.


Tarehe 3 Aprili

Kisigino,

Marahaba. Habari za huko, habari za mabega? Huku kwema, na safari hii na mimi nimo ndani ya hao wazima.

Nimepata jibu la kuwapa watu. Wakiniuliza naelekea wapi, nasema natembea na dada yangu. Wanatazama kushoto, wanatazama kulia, wananionea huruma, wananiacha nipite. Fundi seremala wa pale kwenye kona sasa ananiuliza, "Leo dada anaendeleaje?" Namwambia leo kachelewa kidogo, yuko nyuma.

Usinicheke, lakini huwa nakusemesha. Kijana mmoja alikuja masjala akanipigia meza kwa ngumi. Zamani ningelala naye kichwani. Saa kumi nilikusimulia kisa chote, kuanzia kwetu mpaka kwenye daraja, na kufika darajani nikaona hata mwenyewe kanichosha, nikamwacha hapo. Nyumbani nilifika nikala, nikalala. Wifi yako anasema sasa nyumba ina mume.

Daktari naye kafurahi. Presha inashuka. Kanifundisha na mambo ya kazini, nami nakupa: simu ikilia, isikilize umesimama. Zungusha mabega kabla hujafungua faili jipya. Kunywa maji mengi, maana maji yatakuinua utake usitake. Mimi wananiona nazungusha mabega wanadhani naota mbawa.

Ila haya yote ni nyongeza. Kinachonitoa nje ni wewe. Mvua ilinyesha wiki iliyopita, nikasema leo sitoki, kisha nikakufikiria umeshika mwavuli unanizungukia jengo. Nikatoka nikalowa. Nakushukuru sana, mdogo wangu.

Kaka yako.


Tarehe 30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hamjambo wote? Mimi sijambo, kazi tu imezidi.

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama Bado kastaafu, na kiti chake wamenikalisha mimi. Sasa mimi ndiye ninayepita nikiuliza "bado?", Mungu anisamehe. Mezani kwangu kuna simu mbili na zote zinalia.

Nimefurahi mno kusikia presha inashuka. Endelea hivyo hivyo. Kuhusu saa kumi usiwe na wasiwasi, tuko pamoja kama kawaida. Jana nilipita kwa fundi viatu nikaenda mpaka kwenye ukuta.

Nakimbilia kikao. Msalimie wifi.

Mdogo wako.


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera ya cheo. Sisi hatujambo.

Nami natembea kama kawaida.

Kaka yako.


Tarehe 8 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Uhali gani? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, nikadhani umekatizwa ukaituma kwa bahati mbaya. Nilijibu, hukunijibu. Nikipiga simu, wifi anasema umepumzika, na sauti yake si ile ninayoijua.

Umenikasirikia? Niambie nimekosa nini. Huku kazi ni ile ile. Shingo imerudi, safari hii na kizunguzungu. Lakini tusizungumzie hayo. Wewe unaendeleaje na matembezi? Yule seremala bado ananiulizia?

Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako.


Tarehe 21 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko huu si wangu. Ni wa wifi yako, mimi nasema naye anaandika, na pale asiponielewa ananirudisha nirudie kama mtoto wa shule. Mkono wa kulia umekataa kazi, na ulimi una uzito. Ni kiharusi. Kilinikuta mwishoni mwa Julai nikiwa masjala, kitini. Wenzangu walidhani nimesinzia. Nilimkataza wifi yako asikuambie, na yeye ananiambia niseme kwamba hakupenda kukuficha.

Unauliza umekosa nini. Nilitaka kunyamaza, lakini kunyamaza nako ni uongo, na uongo umetutosha.

Mwanzoni mwa Juni daktari alinipunguzia dawa. Nilitoka pale kwake kama nimeshinda mbio. Ilikuwa saa kumi. Simu yako ya mkononi sikuipiga, maana nilijua uko njiani na ungesimama kunisikiliza, ukaharibu mwendo. Nikapiga ya ofisini, nikijua hutakuwapo, ili yeyote atakayepokea akuwekee ujumbe ukirudi: mwambieni kaka yake anasema tunashinda. Nilitaka uukute mezani.

Ukapokea wewe.

Nilikata. Nikasema labda leo tu kazi imembana. Kesho yake saa kumi nikapiga tena, ukapokea. Siku iliyofuata, ukapokea. Wiki nzima sikukukosa hata mara moja, na kila mara ulisema, "Idara ya madai, nikusaidie nini?" Na mimi nilikuwa na barua yako mfukoni inayosema umefika kwenye ukuta.

Sikukasirika, amini. Ningekasirika ingekuwa afadhali. Niliona haya. Nilimwona yule mzee anayepita barabarani akizungumza na mtu ambaye hayupo, nikaona na wengine walikuwa wakimwona hivyo siku zote. Saa kumi ikifika navaa viatu, nafika mlangoni, najiuliza natembea na nani. Navua. Nikakuandikia kwamba natembea, kwa sababu na wewe uliniandikia.

Kosa si lako peke yako. Miguu ilikuwa yangu. Lakini umeuliza, nami nimekujibu.

Kaka yako.


Tarehe 28 Septemba

Kaka yangu, kaka yangu,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Nilitembea, kaka. Tangu ile Jumatatu ya Februari, na Machi yote, nilitembea, hata ile siku ya mvua nilikuwa na mwavuli kama ulivyonifikiria. Kisha nikapewa kile kiti, na kila nikitaka kuinuka simu inalia. Nikaruka siku moja, nikaruka ya pili. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeshindwa, nikakumbuka ulichosema: ukijua sipo, utakaa. Nikaona nikisema kweli nitakuangusha. Nikaamua kudanganya ili wewe usiache. Hivi ndivyo nilivyojidanganya hata mimi, kwamba uongo wangu ulikuwa dawa yako. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema. Yangu haikutoka hata nje ya ofisi.

Zile simu nazikumbuka. Mtu anapiga, anapumua, anakata. Nilimlalamikia fundi wa mitambo kwamba laini yetu mbovu. Kumbe ni wewe unanisubiri niwe sipo. Kaka, hakuna mtu aliyewahi kuniombea nisipokee simu kwa upendo namna hiyo, na mimi nilipokea zote.

Ningeweza kuinuka. Hilo ndilo linalonila. Ofisi isingeanguka. Wale wenye madai wangesubiri kidogo, wamezoea kusubiri. Nilimpa kila mtu saa kumi yangu isipokuwa mwenyewe.

Nimeomba likizo. Wamenipa siku chache, wakataka nizisogeze hadi mwisho wa mwezi ujao. Nimewaambia ninakuja Jumamosi ya wiki ijayo, wakitaka wamkalishe mtu mwingine kwenye kile kiti. Nataka saa kumi unishike mkono, au nikushike mimi, twende hata uani na kurudi. Nitakaa nyuma, nitakaa mbele, popote utakaposema. Nipe nafasi nianze upya.

Nakuomba radhi. Wifi akikusomea hapa, asome polepole.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, na usilie tena. Barua yako nimesomewa mara mbili, mara ya pili wifi yako ndiye aliyeshindwa kuendelea.

Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla hujaomba, siku ile ile ulipopokea simu, kwa sababu sauti yako ilikuwa imechoka. Ningekuwa kaka hasa ningesema neno badala ya kukata. Ningesema, inuka. Labda ungeinuka, nami ningeinuka. Hilo nalo nalala nalo.

Njoo Jumamosi. Chumba chako kimefagiliwa. Ile shingo nayo uje nayo, daktari wangu aitazame. Kizunguzungu si kitu cha kuandika kwa mstari mmoja na kukipita. Na huko kazini, chonde, simama. Sikwambii kwa ajili yangu tena. Simama kwa ajili yako.

Ila kuna jambo nikwambie kabla hujafika, ili lisije likakuumiza ukiwa mlangoni. Tangu nitoke hospitali, wifi yako akirudi kutoka kazini hakai. Na miguu yake ile ile iliyovimba, ananinyanyua, tunakwenda mpaka getini na kurudi. Hatusemi mengi. Ni mwendo wa kobe, lakini hajakosa hata siku.

Kwa hiyo saa kumi nina mtu. Sisi wawili tutafute saa nyingine.

Kaka yako.